Mitmita Hajala

Benchi letu liko chini ya jengo la ghorofa namba kumi na saba hapa Koye, pembezoni mwa jiji, ubavuni mwa turubai la Wubit muuza kahawa, na ukilitazama vizuri utagundua si benchi. Ni lango la ua wetu wa zamani kule nyuma ya Piasa, katikati ya jiji. Siku ya kuhama, Injinia alilibeba kichwani akidai kuwa mtu hawezi kuacha lango lake likafunguliwa na wengine. Tulikuwa familia kumi na moja kwenye ua mmoja, bomba moja, choo kimoja na kelele moja. Kura ya nyumba za serikali ikatumwaga huku kama punje za mtama, huyu ghorofa hili, yule lile. Sasa kila Jumapili tunakalia lango. Injinia ni fundi bomba ambaye hajawahi kuona mlango wa chuo. Dikoni alikosa kidogo tu kuwa shemasi, na sababu ya kukosa hubadilika kila mwaka. Gashe Posta, na gashe kwetu ni jina la heshima kwa mwanaume aliyekuzidi umri, aligawa barua miaka thelathini na nne. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano, wanasema kwa sababu ya kazi. Kahawa hunywewa kwa mikupuo mitatu ya birika lilelile: abol, tona, na wa mwisho baraka. Anayeondoka kabla ya baraka, shauri yake.

Jumapili ile Gashe Posta alishuka kachelewa, shati limefungwa vifungo kombo. Nikamwuliza kabla hajakaa:

— Hajala?

— Hajala.

— Hata mahindi?

— Hata mahindi. Jana kadonoa mbegu mbili za alizeti, akazitema. Nimempapasa kifua, Sindano. Mfupa umechomoza kama kisu.

Wubit akammiminia abol bila kuulizwa.

Tulikuwa tukimzungumzia Mitmita, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kama ile pilipili yetu ya unga, na jina kalipata hapo. Ni wa Emama Zenebech, ajuza wa ua wetu. Marehemu mumewe, dereva wa malori, alimleta kutoka Juba, na kwa miaka kumi na tisa ndege yule akakaa barazani kwa Emama akitawala ua mzima. Kwetu mtu hatii tonge mdomoni bila kumkaribisha anayepita, na Mitmita alimzidi kila mtu kwa adabu hiyo. Sahani ikitokea tu, yeye huwahi: "Tule! Tule!" Usiku mmoja mwizi wa kuku aliruka ukuta, akasikia "Tule!" gizani, naye kwa mazoea akajibu, "Ahsante, nimeshiba." Tukamkamata palepale.

Miezi miwili iliyopita, wiki ileile ya kuhama, binti wa Emama alimchukua mama yake kwenda Amerika. Karatasi za kasuku hazikupatikana. Emama akazunguka mlango kwa mlango na kizimba mkononi, mwishowe akakiweka miguuni pa Gashe Posta na kumwambia, "Wewe hujawahi kupoteza kitu cha mtu." Akamwachia na maagizo, kurasa mbili. Gashe anazibeba mfukoni mwa shati mpaka leo.

— Leo Emama atapiga simu saa tisa, alisema Gashe. Kama kila Jumapili. Atauliza, "Mitmita amekula?"

— Nawe utamjibu nini? nikamwuliza.

— Kama Jumapili iliyopita. Amekula, ameshiba, anakusalimu. Miaka thelathini na nne sikuwahi kupeleka habari ya uongo, Sindano. Nilipeleka za misiba, nilipeleka za talaka, lakini zilikuwa za kweli. Sasa nazeeka, nimeanza kudanganya ajuza.

Injinia akaweka kikombe chini. Tukajua tumekwisha.

— Nyie mnahangaika bure. Tatizo ni presha.

— Presha ya damu? akauliza Dikoni.

— Presha ya bomba, bwana! Sikilizeni. Maji yanafika ghorofa ya nne, kwa Gashe?

— Hayafiki, tukajibu wote, maana hilo halina ubishi.

— Kwa nini hayafiki? Presha ndogo. Sasa koo la kasuku ni nini kama si bomba? Umemtoa chini, umempeleka ghorofa ya nne, presha imekatika. Chakula kitashukaje? Maji yakimwagika hayazoleki, na yasipopanda hayashuki!

— Methali hiyo umeiokota wapi? nikamwuliza.

— Nusu ni ya wahenga, nusu ni ya ufundi.

— Daktari wa mifugo kamchunguza, alisema Gashe kwa upole. Koo lake zima. Kasema hana ugonjwa, ana upweke, atazoea, nimpe utulivu.

— Daktari kasomea ng'ombe, akasema Injinia. Ng'ombe anaishi ghorofa ya nne?

Dikoni alikuwa akitafuna shayiri ya kukaanga huku kafumba macho, dalili kwamba anaandaa jambo.

— Huyo ndege amefunga, akasema.

— Acha zako, Dikoni.

— Niacheni nimalize. Kakaa na Emama miaka kumi na tisa. Emama anafunga siku zote za mfungo, na mfungo wetu mnaufahamu, ukijumlisha unapita nusu ya mwaka. Ndege ameona, ameshika. Sasa hana wa kumwambia leo Pasaka, kwa hiyo kaunganisha mfungo na mfungo. Haba na haba hujaza kibaba. Huyo keshakuwa mtawa, Gashe. Usishangae ukimkuta kainamisha kichwa.

— Anainamisha kweli, alisema Gashe, na uso wake ukazidi kuanguka.

— Umeona!

— Anainamisha kwa kuwa hana nguvu, Dikoni, nikasema. Na wewe ndiye uliyemshauri ile shuka.

Hapo Dikoni akafumbua macho. Wiki ya kwanza kabisa, ndege alipoanza kususa na kudonoa kidogo kidogo tu, Dikoni aliapa kwamba ni jicho. Kwetu tunajua jicho baya huingia pamoja na chakula; mlaji akitazamwa na mwenye husuda, tonge humgeukia. Basi Gashe alitundika shuka nyeupe kukizunguka kizimba. Akiweka chakula huishusha, anafunga mlango, anatoka kwa ncha za vidole, asije akamtazama hata yeye mwenyewe. Na daktari alipotaja utulivu, akaongeza shuka ya pili.

— Shuka haina kosa, alisema Dikoni. Wafalme walikula nyuma ya pazia.

— Wafalme walikuwa na mpishi, akadakia Wubit akipuliza mkaa. Tona hiyo, shikeni.

Tukanywa tona. Injinia akasema pengine ni vema kumshusha ndege kila siku saa sita kwa kamba na kapu, kupitia dirishani, ale chini kwenye presha nzuri, kisha apandishwe. Dikoni akasema basi apandishwe pamoja na padri. Injinia akasema padri ana kilo tisini na kamba ni yake. Wakaanza kubishania kamba. Kwa kawaida ningecheka mpaka nimwage kahawa, lakini siku ile nilikuwa nikimtazama Gashe Posta, naye alikuwa ametoa zile kurasa mbili na kuzisoma tena, kidole kikipita chini ya kila mstari.

— "Alizeti kikombe kimoja," alisoma. "Mahindi yaliyochemshwa. Asipewe parachichi, litamwua. Afunikwe usiku. Asiwekwe kwenye upepo." Yote nimefanya. Nimeruka nini? Niambieni, nimeruka nini?

Akazigeuza kurasa upande wa nyuma, kutafuta mstari mwingine. Nikaona aibu kwa niaba yetu wote, wanaume wazima tuliokalia lango na kubishania kapu. Nikaukumbuka ua ule kwa ghafla, jioni, sinia moja la injera, ule mkate wetu mpana laini, uwanjani na mikono ya watu saba ndani yake, hata hujui tonge lipi ni la nani. Huku Koye kila mtu ana mlango wa chuma na ufunguo wake. Mimi mwenyewe hula nimesimama, kando ya jiko.

Ndipo akafika yule dada. Tulikuwa tumemwona Alhamisi akipandisha godoro, jirani mpya wa ghorofa ya nne, mlango unaopakana na wa Gashe. Hirut, muuguzi. Alitusalimu mmoja mmoja, akaulizia afya za nyumbani kwetu kwa utaratibu, akaketi kwenye kigoda cha Wubit.

— Samahani wazee wangu, nimesikia habari ya kasuku. Nami namsikia kupitia ukutani, anakwaruza kwaruza tu. Naweza kuuliza kitu?

— Uliza, dada, alisema Injinia. Kama ni habari ya presha, niulize mimi.

— Anakula na nani?

Dikoni akaacha kutafuna shayiri.

— Anakula na nani vipi? akauliza Dikoni. Ni ndege. Anakula peke yake.

— Na kwa huyo mama, alikuwa akila na nani?

Sote tulikuwa tumeona. Kila siku ya Mungu, kwa miaka kumi na tisa, tulimwona Emama akikata kipande cha injera, akikizungushia shiro, mchuzi wetu wa unga wa dengu, na kabla hajala yeye akikitia mdomoni mwa Mitmita kwa vidole vyake. Gursha, tonge la mkono, kama vile anavyomlisha mgeni, kama alivyotulisha sisi. Tukicheka. Tukidhani ni mzaha wa ajuza, na kwamba chakula chenyewe ni kile kikombe cha alizeti. Na Emama hakuandika, kwa sababu nani huandika kwamba mtu avute pumzi?

Hirut hakuwa amemaliza. Akamgeukia Gashe Posta:

— Na wewe, Gashe, unakula na nani?

Gashe alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu.

— Mla peke yake hufa peke yake, alinong'ona Dikoni, na hiyo ilikuwa methali yake ya kwanza mwaka ule kukaa mahali pake. Nadhani ilimtisha hata yeye.

Wubit ndiye aliyesimama. Akafunika birika, baraka bado imo ndani, akachukua sinia la chakula chake mwenyewe alichokuwa amekihifadhi nyuma ya mkaa.

— Mnangoja nini? Saa tisa kasoro robo.

Tulipanda zile ngazi, Wubit mbele na sinia lake. Gashe akafungua mlango wa chuma. Chumba kilikuwa safi, kiti kimoja, sahani moja imeinamishwa kwenye beseni. Alizitoa shuka moja moja. Mitmita alikuwa kwenye pembe ya kijiti, manyoya yamesimama, kifua kitupu mahali alipojinyonyoa. Alitugeuzia jicho moja.

Gashe akamega injera, akaichovya kwenye shiro, akaingiza mkono kizimbani. Ndege akarudi nyuma.

— Atanikataa, alisema Gashe.

— Usimpe kwanza, akasema Hirut. Mwacheni aone watu wanakula.

Basi tukakaa sakafuni kulizunguka sinia. Injinia akafinyanga tonge kubwa la kifundi, akamwelekezea Gashe Posta mdomoni. Gashe alisita. Kisha akafungua mdomo, akalipokea, na alipokuwa akitafuna machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Hakuyafuta, na sisi hatukuyatazama. Dikoni akanilisha mimi, nami nikamlisha Wubit. Nilikuwa nimesahau kwamba tonge la mkono wa mwenzako lina ladha nyingine.

Kijiti kikalia. Mitmita alikuwa anasogea, hatua kwa hatua, shingo mbele. Gashe akafinyanga tonge dogo, la ukubwa wa punje ya harage, akanyoosha vidole. Ndege akalitazama tonge, akamtazama Gashe, akalichukua. Akalishika kwa mguu, akala.

Simu ikaita. Saa tisa kamili. Gashe akaiweka sakafuni, spika imewashwa.

— Gashe! Hamjambo huko? Mitmita amekula?

— Anakula sasa hivi, Emama. Wiki zote zile nilikudanganya. Alikuwa hali. Sasa anakula, mkononi mwangu.

— Mkononi, alisema Emama. Ole wangu. Niliandika parachichi, nikasahau mkono.

— Tupo wote hapa, Emama! akapaza sauti Injinia. Tunamlisha kwa zamu!

Emama akacheka, kile kicheko chake cha uani, na Wubit akainamia simu.

— Na wewe, Emama, umekula?

— Ndiyo nimeketi mezani, mwanangu. Huku asubuhi. Binti yuko kazini. Wajukuu wamelala.

Mitmita alikuwa ameacha kutafuna. Aliishusha shingo kuelekea simu, akageuza jicho hili, akageuza lile, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili akasema kwa sauti kubwa:

— Tule!

Tukashangilia. Dikoni akapiga makofi.

— Tule! Tule!

Kwetu anayekaribishwa hujibu, na Emama Zenebech hajawahi kuacha karibu ya mtu ikining'inia hewani. Tukangoja. Upande wa pili tulisikia kijiko kikiwekwa mezani, taratibu, na baada ya hapo hatukusikia kitu.

— Tule! alisema ndege.

Gashe Posta akamega injera, akaizungusha, na akaunyoosha mkono juu ya ile simu sakafuni, tonge vidoleni. Akaushikilia hapo, na hakuna kati yetu aliyemwambia aushushe.