Historia ya Fundi Rula, Aliyepima Pedali Akaiacha Pini

“Huo mguu wako umeota mizizi kwenye pedali,” marehemu alimwambia mdogo wake asubuhi ya tarehe 21 Februari 2012, ndani ya karakana ya shamba, akiwa ameshika sahani ya klachi iliyoungua hadi ikawa nyeusi, na mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la shamba, akamjibu, “Kaka, huu mguu nilizaliwa nao, haukuja na trekta.” Marehemu alisema klachi mbili zimeungua ndani ya msimu mmoja, na kwamba mara zote mbili yeye alipima nafasi ya pedali kwa rula, na rula haina upendeleo. “Basi huyo rula ndiye mdogo wako,” dereva akasema, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoka, na tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakuzungumza.

Marehemu mwenyewe aliagiza historia yake ianzie hapo, kabla ya kuzaliwa kwake, na familia imetii ingawa si kawaida.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1956, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala, na mdogo wake akamfuata baada ya miaka sita. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972, akahitimu mwaka 1974 katika fani ya mitambo, na siku alipoondoka nyumbani baba yake alimpa rula ya chuma kutoka kwenye sanduku lake la kazi, ambayo ilikaa katika mfuko wake wa shati hadi mfuko ukatoboka, na ndiyo sababu wengi wenu hapa mnamjua kwa jina la Fundi Rula tu. Aliajiriwa katika karakana ya shamba tarehe 6 Januari 1975, na mwaka 1995 alimwombea mdogo wake kazi ya udereva hapo hapo, akamfundisha mwenyewe kurudi nyuma na tela, jambo ambalo dereva alisema ni gumu kuliko kumrudisha mbuzi zizini kwa maneno matamu.

Tarehe 18 Desemba 1982 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, na walikaa pamoja hadi mama alipotutoka tarehe 2 Mei 2021. Katika miaka ile ya kununiana mama ndiye aliyekuwa daraja, maana alikuwa akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma, akimwambia huyu kwamba kaka yako anakuulizia, na yule kwamba shemeji yangu amekutaja, na kila mmoja akijibu “Haya,” bila kuongeza neno. Alipofariki, salamu zikakoma, na kitindamimba wake, aliyekuwa ameacha shule kidato cha pili ili amuuguze, akabaki nyumbani kumtunza baba.

Sasa inabidi tueleze kidogo habari ya klachi, kwa wale wasioifahamu. Klachi ya trekta ni sahani inayobanwa kati ya injini na giaboksi, ukikanyaga pedali sahani inaachiwa, ukiondoa mguu inabanwa tena, na ili ibanwe sawasawa ni lazima pedali icheze kidogo kabla haijaanza kazi, kwa trekta lile sentimita tatu. Isipokuwa na nafasi hiyo, sahani inabanwa nusu nusu, inateleza, inaungua, na dereva anaonekana kama mtu aliyeegemeza mguu kwenye pedali siku nzima. Hivyo ndivyo marehemu alivyoandika katika daftari la karakana, kwamba dereva anaegemeza mguu, na meneja wa shamba alipolisoma daftari hilo alimwachisha dereva kazi tarehe 1 Machi 2012. Hakuna aliyemuuliza dereva neno. Fundi alikuwa amepima, na katika shamba lile kauli ya Fundi Rula ilikuwa kama muhuri.

Dereva aliyefuata naye aliunguza klachi, na wa baada yake pia, na marehemu alikuwa akisema madereva wa siku hizi wana miguu mizito. Alistaafu tarehe 30 Septemba 2016, na kwa kuwa trekta lilikuwa limetupwa nyuma ya ghala, shamba likampa kama shukrani, likavutwa hadi nyumbani, likakaa nyuma ya jiko, kuku wakataga kwenye kiti chake.

Mwezi Novemba 2022 aliamua kulifufua. Mgongo ulikuwa hauinami tena, kwa hiyo binti yake huyo wa mwisho ndiye aliyelala chini, na yeye akakaa kwenye ndoo akitoa maelekezo, wakaiweka injini juu ya magogo na jeki, wakalitenganisha trekta vipande viwili, wakatoa sahani ya zamani, wakaweka mpya wakiilenga katikati kwa mti aliouchonga mwenyewe, wakafunga nati kwa kupishana kama alivyofundishwa chuoni, na kazi hiyo ilichukua siku nne. Tarehe 9 Novemba walifikia kurekebisha pedali. Marehemu aliweka rula, akasoma sentimita tatu kamili, akasema, “Imekaa.” Binti akamwambia kutoka chini, “Baba, pedali inacheza, lakini huku mkono unaosukuma klachi hauna nafasi hata kidogo.”

“Kanyaga uone,” alisema, na binti akainuka akaibonyeza kwa mkono, na yeye akainama kadiri alivyoweza akachungulia. “Kanyaga tena, mama.” Akabonyeza tena. Mara ya tatu akaomba ile pini inayounganisha pedali na fimbo ya klachi itolewe, akaipangusa grisi, akaona imelika katikati kama kiuno cha nyigu, na tundu lake limetanuka. Zile sentimita tatu zote zilikuwa ni ulegevu wa pini, wala hazikufika kwenye klachi. Pini hiyo aliikumbuka, maana mwaka 2012 aliitoa kwa mkono wake, akaiona inafaa, akaipaka grisi akairudisha, mara zote mbili.

Alikaa juu ya tairi mpaka chai ikapoa, kisha akasema, “Nimemfukuzisha mtu kazi kwa pini.”

Tangu hapo alitaka kwenda kwa mdogo wake. Siku ya kwanza alivaa shati la kutokea, akafika kwenye mashine ya kusaga, akarudi akisema jua ni kali. Mara nyingine alisema atakwenda trekta likiwaka, aende nalo, na trekta likawaka, akasema lipakwe rangi kwanza. Binti alimwambia, “Baba, niende mimi nikamweleze?” naye akajibu kwamba kosa halitumi mtoto. Tunasikitika kwamba tulimwachia, tukidhani siku ziko nyingi.

Mwezi Februari 2023 alianza kuvimba miguu, akalazwa mara mbili kwa maradhi ya figo, na tarehe 29 Mei aliomba arudishwe nyumbani. Jioni ya tarehe 7 Juni alimwita binti yake aje na kalamu, akamtajia maneno haya, naye akaandika: dereva hakuegemeza mguu, kosa lilikuwa langu, lisomwe mbele ya watu wote kwa sauti, na asiyesikia arudiwe. Tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha watoto wanne, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, jirani aliyetoa gari lake kila tulipomwita, na mafundi wenzake wa karakana waliochimba kaburi. Baba, pumzika kwa amani, agizo lako limesomwa.

Limebaki jambo moja ambalo hakuagiza liandikwe. Mchana wa tarehe 7 Juni mdogo wake alikuja, akabisha hodi, na marehemu alipoitambua sauti alimpungia binti yake mkono wa kukataa kutoka kitandani, akageukia ukutani, na binti akaenda kusema baba amelala. Kitanda kilikuwa hatua tatu nyuma ya pazia. Baba mdogo alisimama mlangoni, akalitazama pazia, akasema polepole:

“Haya. Akiamka mwambie sikuja kwa habari ya klachi. Nilikuja kumwona kaka.”