Filimbi Tatu za Bati

Asubuhi ile kijiweni walikuwepo Kinyozi, Spana fundi wa baiskeli, Bibi wa Kahawa, na Mama Cherehani aliyekuja na binti yake wa darasa la pili. Mama Cherehani hakufuata kahawa. Watoto wa kundi la muziki shuleni walitakiwa kwenda na filimbi, na Kinyozi alikuwa na tatu za bati, bei chee: nyekundu, kijani, na ndefu isiyo na rangi.

— Sikilizeni nyekundu! Kinyozi akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. — Asali hiyo!

— Asali wapi? Breki kavu hiyo, akajibu Spana, akipuliza ya kijani. — Rangi ya kijani hulainisha sauti. Bati linapumua.

— Linapumua? Basi birika langu lina pumu, akasema Bibi.

— Cheka tu, Bibi. Hii nyekundu ilikuwa bati la paa, akasema Kinyozi. — Imenyeshewa miaka na miaka, mpaka mvua ikaifundisha kuimba!

— Na ndefu? akauliza Bibi.

— Ndefu ilikuwa bomba la maji, akajibu Kinyozi. Bado ina mafua.

Walipotulia kunywa, Mama Cherehani alimshika mwanawe begani.

— Samahanini, kaka zangu. Ipi ataisikia mtoto ambaye sauti nyembamba hazimwingii masikioni? Mwaka jana aliacha kundi akilia. Safari hii ameomba mwenyewe kurudi.

Kinyozi aliinuka, akaenda kuzima redio ya kibandani kwake. Bibi akaacha kugonganisha vikombe. Hakuna aliyewaagiza. Mama Cherehani aliyaona hayo, akamgeuza mtoto awape mgongo.

Wakasimama nyuma ya mtoto. Nyekundu ikalia, hakugeuka. Kijani, vilevile. Spana akaipuliza ndefu kwa nguvu zote, mbwa wa jirani akabweka, mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha gauni.

— Mnapuliza kama mnakimbiza mwizi, akasema Bibi. — Ziba matundu yote, mwanangu. Halafu pole pole.

Spana akaziba matundu kwa vidole vyake vya grisi, akapuliza taratibu. Ikatoka sauti nzito, ya chini.

Mtoto akageuka.

— Nani huyo?

— Mimi, mama, akasema Spana, akimwonyesha filimbi.

Kinyozi akajifuta macho, akisingizia nywele za wateja.

Mwaka ule binti alipiga filimbi ndefu katika safu ya nyuma, upande wa sauti za chini, na hakuacha kundi.