Fundi Sijaliona na Gari Lililogoma Mlimani

Tarehe thelathini mwezi huu, kiwanda kitakapofungwa jioni, mkuu wetu wa karakana atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho baada ya kumtumikia mwajiri mmoja kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya jarida iliponipa kazi ya kuandika wasifu wake ilinionya nisitie chumvi. Nimejitahidi, lakini wanaomfahamu mstaafu wetu wanajua kwamba habari zake huja zikiwa zimekwisha kolea.

Majina yake kamili yapo ofisi ya utumishi, na huko ndiko yatakakobaki, maana hapa kiwandani hakuna anayeyatumia. Sisi tunamwita Fundi Sijaliona, na jina hilo alijipatia mwenyewe. Ukimpelekea mashine ukamwambia inasumbua, naye akaiwasha ikanguruma vizuri kama haijawahi kukosa adabu, hakuwahi hata siku moja kukujibu kwamba ni nzima. Alijifuta mikono akasema tatizo lipo, ila yeye hajaliona bado. Sisi wa idara ya ushonaji, ambao cherehani zetu hukata uzi asubuhi nzima na kuacha mara fundi anapotokea mlangoni, tunajua jibu hilo lina thamani gani. Mafundi wengine hukutazama wewe kwanza, kana kwamba wewe ndiye unayehitaji oili.

Alianza kazi kama mpakiaji. Kipindi hicho mashine ya kukatia ilikuwa ikitoa magodoro mazito upande mmoja na mepesi upande wa pili, na wateja walilalamika kwamba wakilala katikati wanaamkia ukutani. Aliomba aiangalie wakati wa chakula, akakaza kilicholegea, na wiki hiyohiyo akahamishiwa karakana. Wapakiaji wanadai hadi leo kwamba hawajaletewa mtu wa kuziba nafasi yake.

Tangu hapo ametunza kila kinachozunguka, kinachotikisika na kinachopiga kelele hapa kwetu. Kwa hivyo vinavyopiga kelele alikuwa na dawa moja tu, nayo ni sponji. Malighafi ipo tele, anasema, kwa nini tuteseke? Mlango wa Mkurugenzi ulipokuwa ukigonga, aliuwekea sponji. Kiti cha mhasibu kilipolia, kikapata sponji. Kengele ya chakula ilipowashtua kina mama wa ushonaji, aliitia sponji ndani, na kwa siku tatu mfululizo hakuna aliyesikia kwamba muda wa kula umefika. Tulishona tukiwa na njaa na hasira, na foronya za wiki ile zilirudishwa zote.

Hata hivyo, kisa kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote ni kile cha gari la mauzo.

Gari la mauzo, kwa wasiolifahamu, ni lile lenye viti vya safu tatu, la dizeli, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa, ambalo humpeleka Meneja Mauzo na wauzaji wake kwa wateja pamoja na vipande vya mfano vya magodoro yetu. Dereva wake, wakati ule kama leo, ni mdogo wake mke wa Fundi, yaani shemeji yake. Shemeji alikuja mjini kutafuta kazi akafikia kwa dada yake kwa wiki mbili. Kazi aliipata hapa kwetu mapema sana. Zile wiki mbili zikaendelea. Mwaka ulipita, na shemeji alikuwa bado analala kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia upande mmoja na redio ikiimba upande mwingine.

Mwenye shemeji atanielewa. Mtu wa namna hiyo humfukuzi, kwa sababu ana dada, na dada yake ndiye anayepika. Fundi alikuwa akifika kazini amenuna, akitueleza jinsi alivyoamka usiku kwenda kunywa maji akakanyaga mkono wa mtu. Alieleza pia jinsi shemeji anavyokoroma, anavyoingia bafuni na kuimba nyimbo zote anazozijua kabla ya kutoka, na anavyomwuliza mwenye nyumba, kwa heshima kabisa, kama angeweza kusogea kidogo asizibe televisheni. Kisha siku moja alikuja akipiga mluzi. Shemeji alikuwa amepata chumba chake cha kupanga, na mwisho wa mwezi anahama.

Mwezi huohuo ndipo gari lilipoanza vituko.

Likiwa tambarare lilikwenda vizuri. Likifika kwenye ule mlima wa kutokea kiwandani kuelekea mjini, katikati ya kupanda, lilikata nguvu ghafla. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likatoa moshi mweusi na kutambaa, waendesha baiskeli wakalipita wakimpungia mkono Meneja Mauzo. Dereva alisimama pembeni, akazima injini, akasema maneno mawili matatu ya kumwomba Mungu, akawasha tena. Gari likaondoka mbio kama lilikuwa linatania. Akilileta karakana, halina neno. Fundi alibadilisha chujio la dizeli, akabadilisha chujio la hewa, akakagua mipira yote ya turbo kama kuna uliopasuka. Mashine ya kupimia ilisema tu kwamba hewa inayoingia kwenye injini wakati mwingine ni kidogo. Kwa nini ni kidogo, haikusema.

Nadharia hazikukosekana. Mlinzi wa getini alisema gari linaogopa ule mlima tangu siku lilipokaribia kugongwa na lori. Mpishi alisema dizeli imechanganywa na maji, akaomba ainuse. Mkurugenzi aliuliza kama haiwezekani kulipatia gari likizo. Meneja Mauzo yeye hakuwa na subira ya nadharia. Alichukua funguo, akaliendesha mwenyewe, peke yake, akapanda mlima na kushuka, gari likaruka kama swala. Alirudi akatangaza kwamba ugonjwa si wa gari, ni wa dereva, na kwamba dereva anajifanya ili awahi kurudi kupumzika. Kwa kuwa gari lilipogoma lilikuwa limemchelewesha kwa mteja mkubwa hata akamkosa, Mkurugenzi aliamua kwamba ikifika Ijumaa bila tatizo kuonekana, dereva atafute kazi kwingine.

Hapo sasa. Dereva asiye na kazi halipi kodi ya chumba, na asiyelipa kodi ya chumba ana kochi lake palepale. Fundi alipopewa habari hiyo alikaa juu ya tairi. Tulimwuliza kama shemeji yake anasema kweli. Nitakuwa mkweli: sisi wenyewe tulianza kuwa na shaka. Lakini yule aliyekuwa na kila sababu ya kumchoka alijibu kwamba shemeji yake ana makosa mengi, na angeweza kuyataja hadi jua lizame, ila uongo haumo. Kama amesema gari linakosa nguvu, linakosa nguvu. Tatizo lipo, yeye hajaliona bado.

Ijumaa asubuhi alikuja na hoja mbili. Ya kwanza, kila aliyelijaribu gari alilijaribu tupu, na turbo haivuti hewa kwa nguvu zake zote mpaka injini ipewe mzigo. Ya pili, kila lilipogoma lilizimwa, na likishazimwa linapona, kwa hiyo tumekuwa tukimfukuza mgonjwa kabla daktari hajafika. Alitaka gari lijazwe, lipandishwe mlima, na likikata nguvu mtu asithubutu kuzima.

Shida ilikuwa kupata mzigo. Sisi ni watu wa magodoro, na magodoro yetu, kama matangazo yanavyosema, ni mepesi. Aliyajaza mpaka darini, gari halikuhisi chochote. Ndipo alipoingia ofisini na kuanza kuchagua watu kwa macho. Aliwapandisha kwenye mizani ya stoo mmoja mmoja, mhasibu, mpishi, mlinzi wa getini, mwandishi wa makala haya na mwenzake wa ushonaji, akawa anajumlisha kwa kunong'ona. Mpishi aliulizwa kwa upole kama angeweza kuja na sufuria lake kubwa. Uzito wangu mimi hauhusiani na jambo hili, isipokuwa niseme tu kwamba nilipewa safu ya nyuma kabisa, juu ya ekseli, kwa maelezo ya kitaalamu. Meneja Mauzo alikaa mbele, mikono ameikunja, akidai amekuja kama shahidi.

Tuliondoka kama harusi. Dereva alikuwa kimya, na mtu anayeimba bafuni kila siku akiwa kimya unajua moyo wake uko wapi. Tulipoanza kupanda, mhasibu alifumba macho. Mpishi alikumbatia sufuria. Tukafika katikati, gari halikuwa na neno, na Meneja Mauzo akaanza kutabasamu. Ghafla likaguna, likatoa moshi, likaanza kutambaa. Sijawahi kuona watu wakifurahia gari bovu kiasi kile. Tulishangilia wote, dereva akatoa machozi, na mwendesha baiskeli mmoja akatupita akashangaa.

Fundi akaamuru lisimame bila kuzimwa. Akaruka chini, akafungua boneti, na kwa kuwa boneti ilituziba kioo chote cha mbele, tukawa tunaona miguu yake tu. Miguu ilisogea kushoto, ikarudi kulia, kisha ikatulia. Ilitulia kwa muda mrefu.

Alichokuwa akikiona pale tulikuja kuelezwa baadaye. Kwenye mdomo wa mpira unaovuta hewa kupeleka kwenye chujio kulikuwa na kipande cha sponji, kimefyonzwa ndani na kubana sawasawa. Injini ilikuwa ikihangaika kuvuta hewa kupitia godoro. Alipomwambia dereva azime, sponji ile ilijitanua taratibu, ikateleza ikarudi pembeni ya mpira, na kukaa kwa adabu mahali pake kama haijui lolote. Ilikuwa ya rangi ya waridi, mabaki ya magodoro ya watoto, imekatwa pembetatu kwa kisu kidogo. Hapa kiwandani kuna mtu mmoja tu anayekata namna hiyo. Siku chache kabla gari halijaanza kugoma, Meneja Mauzo alilalamika kwamba kuna kitu kinagonga kwenye boneti, na Fundi akakitibu kwa dawa yake ya siku zote. Alitibu vitu vingi sana kwa dawa ile, hata cha gari akawa amekisahau.

Boneti ilikuwa juu. Hakuna aliyekuwa akimwona. Mfuko wa ovaroli ulikuwa mkubwa, sponji ilikuwa ndogo, naye angeweza kurudi akatuambia amekaza kitu fulani, na dereva angebaki na kazi yake na chumba chake. Ila Meneja Mauzo angebaki na maneno yake pia, kwamba dereva alikuwa akijifanya na sasa ameacha.

Fundi alishusha boneti. Alisimama mbele ya kioo, mbele yetu sote tuliobanana mle ndani, akainua ile sponji juu ili kila mtu aione vizuri, kisha akajigonga kifua nayo. Alisema kwa sauti kwamba dereva hakudanganya hata neno moja, na kwamba kazi ile ni ya mkono wake mwenyewe. Mpishi alicheka kwanza. Kisha tukacheka sote mpaka gari likatikisika, isipokuwa watu wawili, Meneja Mauzo aliyekuwa akitazama magoti yake, na dereva aliyekuwa akimtazama shemeji yake.

Mkurugenzi aliamuru dereva aombwe radhi mbele ya wafanyakazi. Meneja Mauzo aliomba radhi kwa sauti ya chini, na idara ya ushonaji ikamwomba arudie. Fundi alipigwa marufuku kusogelea injini yoyote akiwa na sponji. Nyumbani nako kesi ikasikilizwa. Shemeji alidai fidia ya kusingiziwa, nayo ilikuwa kukaa kochini miezi mitatu zaidi, na dada yake akampa ushindi kabla chakula hakijaiva. Fundi hakukata rufaa.

Shemeji alikuja kuhama. Wiki ile tulitegemea kumwona Fundi akicheza, badala yake alikuja amepoa. Sebule ni kubwa mno, alisema. Haikupita siku nyingi akaanza kwenda kule kwenye chumba cha kupanga, ng'ambo ya mji, mara amesahau spana, mara anataka kusikia kama redio ile bado inaimba. Tangu wakati huo wamekuwa wakionana hapa kazini kila asubuhi, wakitaniana getini mpaka mlinzi awaondoe.

Kila anayestaafu hapa kwetu hupewa godoro, na huchagua mwenyewe. Wote kabla yake wamechagua lile kubwa kuliko yote. Juzi Fundi alikwenda stoo akaomba la mtu mmoja. Mtunza stoo alidhani amekosea. Fundi akamweleza kwamba kwa miaka yote hakuwahi kuruhusu godoro liingie sebuleni kwake, maana mgeni ukimpa godoro umempa uraia, na kwamba kustaafu hakumtishi kwa lolote ila moja, kuamka asubuhi na kujua kwamba leo hataonana na shemeji yake. Godoro lilipopakiwa kwenye gari la mauzo, dereva aliuliza ni la nani. Aliambiwa alifikishe sebuleni kwa Fundi na alitandike mwenyewe vizuri, kwa sababu ndiye atakayelilalia.

Fundi, ahsante kwa kila kilichozunguka kwa ajili yako, na kwa kuyaamini maneno yetu kabla hujaona kwa macho yako. Sisi wa ushonaji, wapakiaji, mpishi na sufuria lake tunakuombea afya, amani na siku ndefu. Usingizi hatukuombei, kwa kuwa tumeshasikia shemeji yako anavyokoroma.