Jini wa Tela Anapanda Kwenda, Kurudi Hapandi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenifikisha leo nikiwa na viungo vyangu vyote, na binti yangu akiwa na vyake.

Mimi ni Bi Zena, wa hapa Mapinga. Shule sikukaa, kusoma nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema barazani kwangu. Nina ushuhuda. Nina fahari pia, na sitaificha, maana Mungu akikupa jambo ukalificha, umemnyima shukrani yake.

Yule mwanamke mnayemwona barabara ya Bagamoyo na pikapu nyeupe, nyuma anavuta tela limejaa viti, ni Mwajuma, mwanangu wa kumzaa. Huku kwetu sijaona mwanamume anayemzidi kuvuta tela. Nimesema mbele yenu na sirudi nyuma.

Marehemu mume wangu alituachia kazi ya kukodisha vyombo vya shughuli. Harusi, hitima, arobaini, maulidi, wanatuita sisi. Zamani mzigo ulienea nyuma ya pikapu na nafasi ikabaki. Viwanja vilipouzwa, watu wa mjini wakaja kujenga, shughuli zikakua. Mtu anaoza binti mmoja, anataka viti vya ukoo mzima wa mke na ukoo mzima wa mume. Pikapu yetu si lori. Ni ya wastani, nguvu inayo, ya kujidai haina. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatuundia tela la matairi mawili.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyokuwa tukipakia, maana hapo ndipo adui alipokuwa amekaa.

Kwetu shughuli inafunguliwa na moto. Kabla turubai halijasimama, kabla kiti hakijapangwa, mpishi anataka masufuria yake. Ukichelewesha masufuria umechelewesha pilau, na ukichelewesha pilau umeaibisha nyumba. Kwa hiyo vyuma vya turubai tulivilaza kwenye pikapu, na kwenye tela tulitanguliza viti vya plastiki, tukavisukuma mbele kabisa. Masufuria makubwa, mafiga ya chuma na pipa la maji limejaa, hivyo vyote tuliviweka mwisho, nyuma mlangoni, vishuke kwanza. Kila mwenye kazi hii alipakia hivyo. Nani angewaza vinginevyo?

Ndugu zangu, tela likaanza kutikisa mkia! Mwajuma akiongeza mwendo kidogo, au barabara ikishuka, tela linakwenda kulia, linakwenda kushoto, kama linataka kung'oka na kwenda shughuli peke yake. Mwajuma hakuwa mzembe. Matairi aliyajaza upepo, minyororo ya usalama aliipitisha kwa msalaba chini ya kiungio cha tela na gari, taa za tela zilikuwa zinawaka. Na bado lilitikisika.

Halafu likawepo jambo moja la ajabu. Kwenda lilitikisika. Kurudi lilikuwa kimya kama limelala.

Maneno yakaanza kutembea. Tulikuwa tumepeleka vyombo msibani Makurunge, na siku ile lilitikisika kuliko siku zote, basi watu wakasema tumebeba jini wa kule. Nikawauliza, mbona kurudi halitikisiki? Wakanijibu wala hawakufikiri: jini anakwenda na njaa, akishakula kwenye shughuli anarudi ameshiba. Ndugu zangu, mtu mwenye hofu hakosi jibu.

Mganga mmoja akaagiza kuku mweusi. Juu ya kuku akaweka sharti, kwamba jini huyo hapendi kuendeshwa na mwanamke.

Shemeji yangu Kombo, mdogo wa marehemu, alilipokea lile sharti kwa mikono miwili. Yeye ana mwanawe wa kiume anayejua kuendesha, na toka ndugu yake afariki amekuwa akisema kazi ya ukoo imeshikwa na sketi. Akaitisha kikao cha familia. Akasema Mwajuma atoke kwenye usukani, la sivyo tela liuzwe. Mwanangu aliachwa na mume, ana watoto, na usukani ule ndio unaowalisha na kuwasomesha. Alikaa pale kikaoni kainamisha kichwa. Nilimwona, na moyo wangu uliwaka.

Nikawaambia, kuku sinunui, kwa mganga siendi. Nitamwomba Mungu peke yake. Iko harusi Bunju, tutaipelekea mizigo, na mimi nitakaa mbele kando ya mwanangu. Nikamgeukia Kombo nikamwambia, nawe panda kiti cha nyuma pamoja na vijana wa kupakia, uone kwa macho yako.

Tukaondoka asubuhi. Mapinga tulipita salama. Tulipoanza kuteremka kuelekea daraja la Mpiji, nikasikia kiti changu kinavutwa kutoka chini. Tela limeanza. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, mara ya tatu pikapu nzima ikatupwa upande. Na mbele yetu lori la mchanga linapanda!

Kombo nyuma anapiga kelele, kanyaga breki, kanyaga breki. Mimi ulimi wangu ulikuwa kwenye shahada, nimeshajua ndiyo safari.

"Baba mdogo, nyamaza," Mwajuma akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeomba chumvi.

Mguu akauondoa kwenye mafuta, akauacha hewani. Breki hakuigusa. Usukani aliushika umenyooka, hakukimbizana na tela, kulia wala kushoto. Alikwisha kulijua siku za nyuma: ukilipiga breki linapotikisika, linakusukuma ubavuni na kukugeuza. Gari likapungua lenyewe. Tela likapiga mara moja, likapiga mara nyingine, hafifu. Lori likapita karibu kiasi kwamba vumbi lake liliingia vinywani mwetu. Kisha kimya. Mwajuma akasogea pembeni taratibu, akasimama.

Allah ni mkubwa! Niliteremka, nikagusa ardhi kwa mikono yangu miwili.

Kombo naye akateremka. Akasema imekwisha, tela liachwe papo hapo, na mwanamke huyu asiguse gari tena. Nilikuwa nimesimama kando ya gari, natazama. Nikaona pikapu imenyanyuka makalio. Pale tela linaposhikana na gari, pua ya tela ilikuwa inalisukuma gari juu, badala ya kulilalia. Nikamwita Mwajuma nikamwonyesha.

Akatazama, akasema, "Mama, kurudi huwa haikai hivi. Kurudi nyuma ya gari inakaa chini."

Ndugu zangu, neno hilo Mungu alilitia moyoni mwangu kama mbegu kwenye shimo. Kwenda na kurudi, tofauti ni nini? Barabara ni ile ile, dereva ni yule yule. Nikakumbuka. Chakula kinakwisha mapema, watu wanabaki vitini mpaka mwisho. Kwa hiyo kurudi tunapakia masufuria kwanza, yanakaa mbele, na viti vinakuja nyuma yake. Jini gani huyu anayejali sufuria limekaa wapi?

Nikasema, pakueni.

Kombo alicheka, akasema shemeji hofu imempanda kichwani. Vijana wa kupakia wakanitazama. Nikaanza kushusha viti mwenyewe, nikiwa na umri huu, mpaka wakaona haya wakanisaidia. Tukashusha kila kitu pale kando ya barabara, wapita njia wanatuuliza kama harusi ndiyo hapo. Tukapakia upya. Pipa, mafiga na masufuria tukayaweka mbele ya matairi ya tela, karibu na matairi yenyewe. Viti nyuma. Hatukuyabananisha puani kabisa, maana tulijaribu hivyo kwanza, gari likainua uso kama mtu anayetazama mnazi, na Mwajuma akasema usukani utakuwa mwepesi, hautamtii. Tukarudisha nyuma kidogo, gari likakaa sawa. Mzigo ule ule, pipa limejaa vile vile, hatukupunguza hata kijiko.

Tukaondoka. Mwajuma akaenda pole pole, akaongeza kidogo, akaongeza tena kidogo. Tela likatufuata kama mbuzi aliyezoea kamba yake. Si kulia, si kushoto. Nikalia, ndugu zangu! Mimi si mtu wa machozi, wanangu wanajua.

Bunju tukakuta vita nyingine. Mpishi, Bwana Shomari, mtu wa pilau maarufu, alifungua mlango wa tela akakutana na viti. Masufuria yake yako ndani kabisa.

"Bi Mkubwa," akasema, "leo wageni watatafuna viti?"

"Watakula pilau, Shomari. Wewe tangulia kupanga kuni."

Akanung'unika mpaka kwenye figa la mwisho. Pilau lilichelewa, kweli, lakini lililiwa, na bibi harusi aliolewa. Wiki iliyofuata fundi alitukatia mlango wa ubavuni, upande wa mbele wa tela. Sasa masufuria yanakaa mahali pake na bado yanashuka kwanza. Shomari hana tena la kusema, isipokuwa anadai wazo lilikuwa lake.

Na Mwajuma yuko kwenye usukani wake. Hakuna aliyeuliza tena kama ni mwanamke au nani. Kila safari, kabla ya kuondoka, anazunguka gari na tela, anatikisa kiungio kwa mkono, anavuta minyororo, anarudi nyuma hatua chache kutazama gari limekaaje. Mzigo ukizidi nguvu ya pikapu anakataa, mwenye harusi akasirike asikasirike, tutakwenda mara mbili. Wenye matela wa huku wanakuja kumuuliza, na Kombo, yule yule shemeji yangu, ndiye anayesimama mlangoni akiwafokea vijana: masufuria mbele, hamjui masufuria yanakaa mbele? Namtazama tu. Ushindi mwingine hauhitaji maneno.

Namshukuru Mungu aliyetuokoa pale mteremkoni kabla hatujajua kosa, kisha akatuonyesha kosa ili tusimsumbue kwa jambo lile lile kila siku. Alinipa binti mwenye mkono mtulivu. Alinipa macho, nami nikayatumia.

Nawe uliyekaa hapo na jambo linalokutikisa, watu wamekwambia ni jini na wewe umeshaanza kumtafuta kuku, nakusihi umtegemee Mungu na usiogope kutazama. Simama pembeni ya barabara. Shusha mzigo wako wote chini, hata wakicheka. Kisha upakie upya, huku unasema Bismillahi.