Matajiri wa Mita Moja

Wewe hapo, umewahi kuhesabiwa kuwa tajiri bila mtu hata mmoja kukupigia simu kukupa pongezi? Basi sogea, kaa. Huko Korea, nyuma ya stesheni ya Daejeon, kuna kichochoro chembamba, wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Mwisho wake, mbele ya saluni yenye kioo kilichopasuka, kuna kibaraza cha mbao, na hapo watu wanakunywa kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari humohumo, tangu Hyeju akiwa na meno mawili tu. Leo Hyeju ana miaka thelathini na mbili na ni mchumi wa serikali kule Sejong, mji wa wizara. Anachambua bei za umeme na maji, anawaandikia wakubwa nani apandishiwe na nani ahurumiwe. Jumapili hii ya Agosti amekuja mbio kwa basi. Bibi Okbun, mwenye nyumba, ndiye aliyemfungia chakula cha shule miaka kumi na miwili wakati baba yake yuko safarini na treni. Jumatano Bibi alianguka jikoni kwa joto, huku kiyoyozi kikimtazama kutoka ukutani, kimezimwa.

Hospitali walimlaza siku moja. Sasa amekaa katikati ya kibaraza, taulo bichi shingoni, kama mtu aliyetoka sokoni.

— Kunywa kahawa, mjukuu wangu. Umekonda. Huko serikalini hawapiki?

— Bibi, daktari amekwambia usikae nje.

— Ndani kuna joto zaidi.

— Ndani kuna kiyoyozi!

— Kipo. Kizuri tu. Nimekifunika kitambaa kisiingie vumbi.

Baba yake Hyeju akakohoa. Ameendesha treni miaka thelathini na mitano, na kijiweni wanamwita Breki kwa sababu hata maneno yake husimama ghafla kabla ya kufika.

— Tatizo si kiyoyozi, dada. Ni bili ya Julai. Mimi nimeshachunguza. Ni treni ya kasi. Ikipita inavuta upepo, upepo unaingia kwenye mita, mita inazunguka.

— Baba, ile mita ni ya namba. Hakuna kinachozunguka mle ndani.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka uamini.

— Upepo wapi, Breki! alidakia Mama Saluni, kitana bado mkononi. Ni yale maghorofa mapya. Lifti sita! Unafikiri zinapandishwa kwa maombi? Walipochimba barabara mwezi wa tatu, wakachomeka kwetu. Mimi nikiwasha mashine ya kukausha nywele, lifti yao inakwama. Nimehakikisha mara mbili.

— Umehakikishaje?

— Nimemwona mtu ametoka kwa ngazi amenuna.

Wa mwisho pale kibarazani ni Digrii, mpangaji wa chumba cha tatu. Alisoma uchumi darasa moja na Hyeju, wakafanya pamoja mtihani wa kuingia serikalini. Mmoja akapita. Mwingine amerudia mara tano, na sasa chombo pekee anachofanyia kazi ni ulimi.

— Mnahangaika na upepo na lifti, alisema, na mchawi amekaa hapa anakunywa kahawa yetu. Muulizeni Mheshimiwa. Si wao wanaokaa kwenye baridi ya bure wanaandika, "mwananchi abane matumizi"?

— Nyuzi ishirini na nane, Digrii. Ofisi zetu haturuhusiwi kushusha zaidi. Tunatoka jasho kama nyie.

— Tofauti ni kwamba jasho lenu lina mshahara.

— We mtoto, mwache mwenzio, alisema Bibi. Mwongezee maji ya moto.

Hyeju alikishika kikombe cha karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa na jambo la kuwaambia, na njia nzima kwenye basi lilimchekesha moyoni kama zawadi iliyofichwa kwenye mkoba.

— Sikilizeni. Kesho asubuhi ripoti yangu inakwenda kusainiwa na mkurugenzi. Miezi saba nimeiandika. Kila kiangazi serikali inapunguza bei kwa kila mtu, hata mwenye jumba. Mimi nimependekeza anayevuka yuniti mia nne na hamsini kwa mwezi aondolewe nafuu. Huyo ana nafasi, anaweza. Kinachobaki kiende kwa watu kama Bibi. Nilikuwa naandika nikiwaona nyie.

Digrii akaweka kikombe chini.

— Umesema ngapi?

— Mia nne na hamsini.

— Breki, hebu itoe hiyo bili.

Breki aliitoa kwenye mfuko wa shati, akaikunjua, akaisogeza mbali na macho. Safari hii hakusimama njiani.

— Mia nne sitini na nane.

Mama Saluni alitazama kitana chake. Hyeju aliinua macho ukutani. Mita ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, juu ya mlango, moja, ya kijivu. Amepita chini yake kwenda shule kila asubuhi ya utoto wake. Lakini kwenye jedwali lake nyumba hazina milango, nyumba ni namba ya mita. Na zile namba zilizovuka mstari alizipaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika pembeni: *wenye nafasi*. Kaya nne, Bibi, baba yake, Mama Saluni na Digrii, wote kwenye mita hiyo moja. Aligawa kichwani kabla hajataka kugawa. Mia na kumi na saba kila mmoja. Kule kwenye maghorofa ya lifti sita, kijana anayeishi na paka hutumia zaidi ya hapo, na kwenye ripoti yake kijana huyo ni maskini wa kuhurumiwa.

— Basi kosa letu, alisema Bibi kwa sauti ndogo. Tumetumia sana.

— Tumetumia nini, Bibi? Digrii alipandisha sauti. Mimi feni sijawasha tangu bili ije!

— Kwa nini? Unataka ufe?

— Kwa sababu nikiwasha, jumla inapanda, halafu wewe unaongezea kimyakimya kama mwaka jana. Ulidhani hatujui?

— Na mimi kiyoyozi nimekiacha kwa sababu nikikiwasha mnaogawana ni nyie!

Breki alikohoa tena.

— Mimi... friji nimezima. Makopo yangu ya kimchi, kabichi zangu za kuchachua, nilimpa Mama Saluni anitunzie.

— Mie? Yangu nilishazima Ijumaa ya kabla ya hii! Nilichukua ya kwako na ya kwangu nikampelekea Digrii.

— Friji yangu ina vitabu, alisema Digrii. Nilipeleka yote kwa Bibi Jumatatu.

Wote wakamgeukia Bibi Okbun. Bibi alirekebisha taulo.

— Nilidhani mmeniletea zawadi. Nikaona kabichi zote hizi zitaichosha mashine. Nikaizima. Makopo yako chini ya kitanda.

— Tangu Jumatatu?!

— Aigu! Ndiyo ile harufu! alipiga kelele Mama Saluni. Mimi nikasema panya kafa!

Walicheka mpaka Breki akashika ubavu. Hyeju naye alicheka, kisha akainama akaangalia viatu vyake.

— Kuna fomu, alisema akifuta pua. Kaya nyingi kwenye mita moja, hesabu inagawanywa. Mnajaza tu.

— Niliijaza mwaka juzi, alisema Digrii. Wanakuja kukagua vyumba. Na hizi kuta marehemu mume wa Bibi alizipandisha bila kibali, unajua. Wakikagua, Bibi anapigwa faini, sisi nje na virago. Nikaichana.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa umeshafaulu. Mtu aliyefaulu unamsumbua vipi?

Hapo ndipo alipotokea msichana mwenye kizibao cha ofisi ya mtaa, akisukuma kigari cha chupa za maji yaliyogandishwa. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kola.

— Habari zenu wazee wangu. Samahani, mimi mgeni, nimeanza juzi. Tunagawa maji ya barafu na feni ndogo, kila kaya fungu lake. Nimeambiwa niulize jambo moja tu. Nyumba hii ina kaya ngapi?



Bibi alifungua mdomo aseme moja, kama alivyowajibu watu wa serikali miaka thelathini. Akawatazama wale watatu, mmojammoja, na moja ikakataa kutoka. Akisema nne, kuta zinaanguka. Breki alikuwa akisoma nyuma ya bili, pasipoandikwa kitu. Digrii alikoroga kikombe kisicho na kahawa. Msichana akamgeukia Hyeju, aliyevaa kama mtu wa ofisini.

— Dada, labda wewe unajua?

Hyeju ana jedwali lenye nyumba laki mbili, na mbele ya kila moja ameandika kaya moja. Hakujua ataje moja ya jedwali au nne za kibarazani.

— Ni swali gumu? aliuliza msichana kwa upole.

Mama Saluni ndiye aliyenyanyuka. Alimshika Bibi mkono kama anayemshika bibi harusi, akamwingiza ndani, na kupitia dirishani wakasikia kitambaa kikivutwa, kisha kiyoyozi kikikohoa na kuanza kuvuma. "Tutagombana baadaye!" alisikika akisema. Breki akapokea chupa mbili mbili kutoka kwenye kigari, akazipanga kibarazani bila kutaja namba, na msichana hakuiuliza tena.

Hyeju akafungua laptopu magotini.

— Watakufukuza, alisema Digrii.

— Labda.

— Jedwali la nne ndilo bovu, alisema Digrii akichungulia skrini. Ulitakiwa ulione.

— Basi kaa hapa unionyeshe.

Akakaa. Bega kwa bega, kama zamani maktabani, walifuta ile rangi nyekundu, mstari baada ya mstari. Kisha juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya namba zote, Hyeju akaandika: *Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba ripoti hii...*

— Futa hilo "naomba."

Akalifuta. Akaandika:

*Mheshimiwa Mkurugenzi, usiisaini. Sijui hawa waliovuka mia nne na hamsini ni akina nani. Wewe hujui, na waziri hajui. Tumeni watu wenye miguu, waingie kila kichochoro, wahesabu milango iliyo nyuma ya kila mita, na waende bila kitabu cha faini. Mpaka watakaporudi, msiguse nafuu ya mtu yeyote. Na atakayeanguka kwa joto kabla hamjahesabu, jina lake mliandike ninyi wenyewe, kwa mkono.*