Lori la Mzee Regier Lililokwama Nebraska

Niwieni radhi mapema. Kisa hiki kilistahili msimulizi mwenye adabu na kumbukumbu, na kijiweni kwetu mtu wa namna hiyo hatujawahi kuwa naye. Nitakiharibu. Nikifika mahali pa kulia nitatia mzaha, na pa kucheka mtaona nimenyamaza. Mvumilie hivyo hivyo.

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya ghala la nafaka la ushirika, hapa Harnley, jimbo la Kansas, kusini mwa jimbo la Nebraska, ambapo upepo wa Novemba hauulizi umevaa nini. Kahawa ni ya bure, inachemka tangu alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi unaweza kuipaka kwenye nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Tunaoketi ni watatu. Yupo Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji. Aliitwa mara moja kuketi na raia wanaoamua kesi mahakamani, kesi ya ndama aliyeibwa, na tangu hapo hajashuka kitini. Yupo Dizeli, aliyeendesha malori miaka thelathini na kuheshimu mizani ya barabarani kwa miaka kama miwili tu. Na mimi, wananiita Honi. Sababu mtaisikia.

Jumatatu akaja Twyla, binti wa Mzee Regier, amevaa koti la baba yake, mkononi ana bahasha.

— Shikamooni, wazee. Nimelipata lori la baba.

— Lile jekundu la ngano? nikapiga kelele, honi yenyewe. Si aliliuza mwaka ule mvua ilipokataa?

— Ndilo hilo. Liko Nebraska, kwa mkulima mmoja. Nimeshalinunua, kadi hii hapa, ameisaini nyuma. Ila kibao cha namba ameking'oa, anasema ni chake. Sasa nalileta vipi? Baba hana siku nyingi, wazee. Kila asubuhi ananiuliza kama ngano imeshapakiwa. Nataka alisikie likinguruma chini ya dirisha lake, mara moja tu.

Tukavua kofia. Halafu, kwa bahati mbaya, tukafungua midomo.

— Karani wa wilaya amekwambiaje? akauliza Jaji.

— Nipeleke kadi, hati ya mauziano na bima, nipewe karatasi ya muda ya kubandika kiooni.

— Karani! Jaji akacheka kwa pua. Karani ana umri gani? Karatasi ya Kansas ikifika Nebraska ni leso tu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake kibali kinadumu siku mbili, ya tatu wanakukamata na kukulimisha.

— Acha porojo, Jaji, akasema Dizeli. Shida siyo karatasi, binti, ni uzito. Lori la ngano ukiendesha mwenyewe, wanahesabu una biashara. Watataka leseni kubwa, daktari akupime macho, na daftari la saa ulizolala.

— Nilizolala? Mjomba, sijalala tangu Ijumaa.

— Unaona! Kosa la kwanza hilo.

Twyla akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amekuja na jambo moja la kufanya, akaondoka na kumi na moja ya kuogopa.

— Basi ngoja nipige simu kwanza niulize vizuri, akasema.

— Haraka haraka haina baraka, nikamwambia. Kauli hiyo ni yangu, msimtafute mwingine.

Jumanne alipita mbio akienda duka la dawa. Alikuwa bado anapiga simu. Kila aliyempokea alimpa namba ya mwenzake. Sisi tulikuwa tumesonga mbele sana kisheria.

— Andika ubaoni, SHAMBA, ufunge nyuma ya lori, akasema Dizeli. Lori likiwa la shamba halina jimbo.

— Na likisimamishwa? akauliza Jaji.

— Unamwambia trafiki, asiyekuwepo na lake halipo. Kibao hakipo, basi na kosa halipo!

— Mimi ningepita njia za kokoto tupu, nikasema. Trafiki wa siku hizi hataki vumbi kwenye viatu.

Jumatano Jaji alikuja na mpya, hata kikombe hajajaza.

— Nimelala nalo nikaamka nalo. Mpakani avuke kinyumenyume.

— Kinyumenyume? nikauliza.

— Pua ya lori inatazama Nebraska. Trafiki akitokea, kisheria huyo haingii Kansas. Anatoka!

Dizeli akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani, mimi nikapiga benchi. Twyla, tulisikia, alikuwa kando ya kitanda cha baba yake, ameshika simu kwa mkono mmoja na mkono wa mzee kwa mwingine.

Alhamisi akaja mwanamke tusiyemjua, amevaa sare ya nesi chini ya jaketi. Akajimiminia kahawa, akainywa yote bila kukunja uso. Hapo tu tungejua si mtu wa mchezo.

— Nyie ndio wazee wa benchi?

— Ndio sisi, mama, nikasema. Una swali la sheria?

— Naitwa Marisela. Nilikuwa namuuguza Mzee Regier. Amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Tukavua kofia tena.

— Lori lilifika? akauliza Jaji, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

— Lingefikaje? Twyla bado anangoja simu ya mtu wa ofisi ya uzito wa malori. Mzee ameondoka anauliza ngano.

Dizeli akaanza kueleza habari za mizani. Marisela akamkata.

— Kaka yangu husafirisha matrekta. Lori likipandishwa juu ya trela ni mzigo, baba. Mzigo haudaiwi kibao. Kutoka hapa ni mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi. Nimepita mashambani kwenu wiki nzima, kila ua una trela. Kwa nini hakuna aliyekwenda kumbebea?

Jaji akatazama kofia yake. Dizeli akatazama barabara ya kaskazini.

Mimi nilitaka kuficha uso ndani ya kahawa, lakini kikombe sikuwa nacho mkononi. Kilikuwa pale kando, nilipokuwa nakiweka kila asubuhi, tangu Jumatatu, kwa kuwa benchi limejaa: juu ya trela langu.