Gervas Nikolao Chilumba, Mpima Korosho wa Makote, na Chai Aliyoikataa Miaka Tisa

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu wa Lupaso na wa Makote, Wakristo kwa Waislamu, familia inawasalimu na kuwaomba usikivu, maana tangu jana hapa msibani kuna minong'ono kwamba mzee wetu hakufa kwa maradhi, kwamba upo mkono wa mtu, na mtu anayetajwa mnamwona wenyewe, amekaa peke yake mwisho wa jamvi na hakuna anayemsogelea. Kabla udongo haujamwagwa, familia imeona isome historia yote, hata pale inapotuaibisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Lupaso, Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Nikolao na Bibi Dominika, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Masasi hadi 1979. Huko alimsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya mkaguzi, na hesabu kweli ilikuwa imekosewa, lakini ukiranja aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mwingine, naye akarudi nyumbani likizo akisema kuna mtu kamtilia fitina.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa karani wa ghala Masasi, na mwaka 1986 akahamia Newala, katika chama cha wakulima cha kata ya Makote, akiwa mpima ubora wa korosho, kazi ambayo Mungu alimpa mkono wake. Alitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akachota korosho, akazitikisa karibu na sikio, na hapo hapo alikuambia zimekaa juani siku ngapi, na kipima unyevu kilipoletwa miaka ya baadaye kilikuja kumkubali tu. Mwaka 1998 alifanywa katibu wa chama, upimaji akiendelea nao, na wengi tuliamini hicho ni kituo cha njiani, kwamba mtu huyu atafika mbali.

Tarehe 11 Julai 1987 alifunga ndoa na mama yetu Rose, binti wa Mzee Godwin wa hapa Makote, wakajaliwa watoto wawili, Dominika mwaka 1988 na Godwin mwaka 1991, huyu wa pili akipewa jina la babu yake mzaa mama. Mnajua kwetu mkwe ni mtu wa kuvuliwa kofia. Lakini Oktoba 2009 Mzee Godwin alipoleta magunia yake, marehemu alitia mkono, akayamwaga turubaini mbele ya foleni nzima, akasema, "Baba mkwe, hata mwizi hukausha alichoiba." Korosho zilikuwa mbichi kweli, hilo hakuna anayelibisha, ila mzee aliondoka bila kuzizoa, hakukanyaga tena kwa binti yake hadi alipofariki, na mama yetu alilia msimu mzima. Na ndugu waombolezaji, ni nani katika foleni hiyo ambaye hakuwahi kupewa neno lake?

Tarehe 22 Agosti 2015 wanachama walikutana kumchagua mjumbe wa bodi ya chama kikuu, na marehemu, aliyeijua korosho kuliko wagombea wote, alipata kura tisa kati ya mia moja themanini na saba. Hakuamini. Alisema amechimbwa, na mchimbaji akamwona kwa msaidizi wake, Ndugu Nasibu Uwesu, Myao wa Masasi aliyefanya naye kazi tangu mwaka 2003 na kumletea chai ya chupa kila siku saa nne. Tangu siku hiyo chai hakuigusa. Alibeba maji yake mwenyewe, akafunga uzi kwenye kitasa cha kabati ili ajue likiguswa, Nasibu akicheka na mtu alihesabu ni yeye anayechekwa, Nasibu akinyamaza alisema anapanga, na sisi wanawe tukaacha kuitikia salamu za mtu huyu, Mungu atusamehe. Marehemu alistaafu mwaka 2021 akiwa na cheo kilekile cha mwaka 1998.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Novemba 2023, akalazwa tarehe 28 Mei 2024. Tarehe 4 Juni aliagiza sanduku lake la karatasi, akamwambia mama amsomee zote, apate ushahidi wa kutuachia juu ya Nasibu. Ndani yake ulikuwemo muhtasari wa mkutano ule wa mwaka 2015, nakala yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuisoma kupita ukurasa wa matokeo. Kwenye ukurasa wa nyuma iliandikwa kwamba, wagombea wakiwa wametolewa nje, Ndugu Nasibu Uwesu alisimama kumwombea kura, akasema, "Ulimi wake mchungu, hata mimi umenichoma, lakini mkono wake haujatudanganya hata siku moja, mpeni." Na iliandikwa kwamba wanachama walicheka.

Marehemu alimwomba mama asome tena, kisha akageukia ukutani hadi jioni. Tarehe 6 Juni Nasibu aliitwa, akaja na chupa yake, na hiyo ndiyo chai mnayoinong'ona, ambayo kikombe chake mama alikimalizia mwenyewe, na huyo hapo mzima. Marehemu alikunywa mafunda mawili, akasema, "Imepoa, Nasibu. Niongeze." Kwa waliomjua, huko kulikuwa kuomba radhi. Alifariki tarehe 9 Juni saa tatu asubuhi, kwa figo, kama madaktari walivyotueleza.

Kwa hiyo familia inamwomba Ndugu Nasibu atoke mwisho wa jamvi, apite mbele, na baada ya mama na watoto, yeye ndiye atakayetia udongo. Na wote waliowahi kumwagiwa gunia hadharani, familia inawapigia magoti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuyavumilia maneno yake, majirani wa Makote mliochota maji na kupika tangu Jumapili, na wafanyakazi wenzake na wanachama, hasa wale wanane wengine waliompa kura, ambao hatutawajua.

Baba Dominika, pumzika kwa amani, na huko uendako ukikuta gunia bichi, mwite mwenyewe pembeni kwanza.